Makorongo ya Kondoa hayakuchimbwa na ng'ombe peke yao

Nikisema kazi yangu hapa Dodoma ni kutafiti jinsi watu na mazingira wanavyoathiriana, wengi hunijibu, "Aa, mambo ya kupanda miti." Miti imo. Ila siku nyingi nashinda barazani na wazee, au masjala nikipekua majalada ya zamani.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba mkulima na mfugaji ndio walioimaliza nchi ya kati, na msomi anakwenda kuwaelimisha. Tazama Kondoa, wilaya ya mkoa huu wa Dodoma yenye makorongo mengi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden, na 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yalirudi, tena haraka. Hilo lazima lisemwe. Lakini maziwa na samadi navyo viliondoka, na ng'ombe hawakuyeyuka: walihamishiwa nyanda za jirani, na mzigo ukaenda nao. Baadaye watafiti walipima ni lini chembe za mchanga uliojaa mabondeni ziliona jua mara ya mwisho, wakakuta vilima vya Irangi, huko huko Kondoa, vilianza kumomonyoka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ng'ombe wana sehemu yao katika makorongo yale, lakini hawakuwa wa kwanza.

Na njaa? Husemwa ni ukame tu. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo ukame si hadithi. Ila katika Mtunya, njaa iliyowakumba Wagogo kati ya 1917 na 1920, Vita vya Kwanza vya Dunia vilitangulia: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame uliwakuta watu maghala yakiwa matupu.

Je, kufanya utafiti huu lazima uwe umesoma sayansi? Hapana. Wa historia, jiografia na anthropolojia tunao.

Wengine hudhani mtafiti akishapata kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kijiji ni chake. Kibali hukufikisha kwa mtendaji tu. Mwenye nyumba huuliza atapata nini, na ana haki ya kuuliza. Namwambia mapema: sina mradi wala mbolea, maswali yatachukua saa nzima, matokeo nitayaleta kwenye mkutano wa kijiji, na akitaka kukataa akatae. Wapo wanaokataa. Nashukuru, naaga, naenda nyumba ya pili.