Apadana ni nini? Ukumbi wa nguzo wa wafalme wa Uajemi

Apadana ni ukumbi mkubwa wa mraba, wenye nguzo nyingi, ambamo mfalme wa Uajemi ya kale alikaa kwenye kiti cha enzi akapokea watu. Hapakuwa mahali pa kulala, wala halikuwa hekalu. Kazi yake ilikuwa moja: kuonana na mfalme. Ndiyo maana kila kitu ndani yake, kuanzia urefu wa nguzo hadi kimo cha kipandio cha ngazi, kilipangwa kwa kumfikiria mtu anayekuja.

Zinazojulikana zaidi ni mbili, na zote zilianzishwa na Dario wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 522 hadi 486 KK. Moja ilikuwa Susa, mji ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa jina la Shushani, wa kisa cha Esta. Ya pili iko Persepolis, yapata kilomita 60 kaskazini mashariki ya Shiraz, katika Iran ya leo. Waajemi wa wakati ule waliuita mji huo Parsa, na Wairani wa leo wanapaita Takht-e Jamshid, yaani kiti cha enzi cha Jamshid, mfalme wa hadithi zao. Neno apadana lenyewe limesomwa katika maandishi ya Susa na ya Hamadan, mji mwingine wa Iran. Kwa ukumbi wa Persepolis ni wanaakiolojia waliolitumia, kwa kuwa umbo ni lilelile.

Tuchukue huo wa Persepolis, kwa sababu ndio uliosalia kwa wingi. Ukumbi wa kati una mita 60 na kitu kila upande. Ndani yake zilisimama nguzo 36, safu sita za nguzo sita sita. Upande wa kaskazini, mashariki na magharibi kuna baraza, kila moja na nguzo 12. Jumla 72. Kwenye pembe nne palikuwa na minara, na upande wa kusini vyumba vidogo vidogo. Nguzo zilipanda karibu mita 20. Hekalu la Parthenon la Athens, lililojengwa baadaye, nguzo zake hazifiki hata mita 11.

Iliwezekanaje? Siri ni paa. Wagiriki walilaza mawe juu ya nguzo zao, na jiwe likiwekwa kati ya nguzo zilizoachana sana hukatika kwa uzito wake lenyewe. Waajemi walilaza boriti za mbao, nyingine za mierezi ya Lebanoni. Mbao ni nyepesi na huvumilia nafasi, kwa hiyo nguzo ziliweza kuwa ndefu, nyembamba kwa kimo chake, na kuachana karibu mita 9. Mtu akisimama katikati alikuwa anaona mbali, tena anaona juu sana. Na juu ya kila nguzo palikaa kichwa cha jiwe chenye wanyama wawili waliopeana migongo: mafahali, simba, au wanyama wa kubuni wenye kichwa cha ndege. Si pambo tu. Pale migongo inapokutana pana bonde, mfano wa tandiko la punda, na boriti ilikaa humo ndani ikatulia.

Kuta zenyewe zilikuwa za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, na ni nene. Zimeyeyuka zote. Miimo ya milango na fremu za madirisha katika majumba ya jirani ilikuwa ya mawe, nayo ipo hadi leo. Ndiyo sababu picha za Persepolis humchanganya mtu asiyejua: milango imesimama peke yake uwanjani, haina ukuta kulia wala kushoto. Mawe waliyapanga bila udongo wala saruji, wakayaunganisha kwa vibano vya chuma vilivyomiminiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa.

Sasa vifaa vilitoka wapi? Hapo ndipo apadana inapoanza kueleweka. Dario aliacha maandishi Susa yanayotaja kila kitu na kilikotoka. Mierezi Lebanoni. Dhahabu Sardi, magharibi ya Uturuki ya leo, na Baktria, huko Asia ya Kati. Mawe ya buluu Sogdiana, jirani ya Baktria. Fedha na mpingo Misri. Pembe za ndovu Kushi, kusini ya Misri, na Hindi, na Arakosia, sehemu ya Afghanistan ya leo. Kisha anataja mafundi: wachonga mawe ni Wagiriki wa Ionia na watu wa Sardi, wafua dhahabu ni Wamedi, jirani wa Waajemi upande wa kaskazini magharibi, na Wamisri, wa matofali ni Wababeli. Mtu mwingine angesoma orodha hiyo akadhani ni hesabu za ujenzi. Mimi naisoma kama majivuno. Mfalme anasema kwamba nyumba yake imekusanywa kutoka kila nchi anayoitawala, na hakuna nchi iliyokosa kuchangia.

Persepolis wazo hilohilo lilizikwa chini ya sakafu. Mwaka 1933 wachimbaji walikuta masanduku ya mawe kwenye pembe za apadana, ndani yake mna mabamba ya dhahabu na ya fedha yaliyoandikwa kwa mwandiko wa kikabari, wa alama zenye umbo la kabari, katika lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Dario anaeleza mipaka ya ufalme wake: kutoka kwa Wasaka, wafugaji wa kuhamahama walioko ng'ambo ya Sogdiana, hadi Kushi, na kutoka Hindi hadi Sardi. Mabamba hayo hayakuwekwa ili watu wayasome. Wasomaji wa kawaida waliandikiwa kwa njia nyingine, ya picha, kwenye ngazi.

Mgeni alianza mbali. Jukwaa zima la Persepolis, la mita kama 450 kwa 300, limeinuliwa juu ya uwanda wa Marvdasht, na linapandwa kwa ngazi pana yenye vipandio 111. Vipandio ni vifupi mno, kama sentimita 10 hivi, mtu anapanda kwa mwendo wa heshima bila kuhema wala kushika nguo. Juu yake lipo Lango la Mataifa Yote, la Xerxes mwana wa Dario, ambaye wengi wanamwona ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta, likiwa na mafahali wakubwa wa mawe. Kwenye lango hilo wasafiri wa Ulaya na Marekani walichora majina yao bila haya. Mmojawapo ni Stanley, yule wa gazeti la New York Herald, na mwaka aliouchonga ni 1870. Mwaka uliofuata alikuwa Unguja anaajiri wapagazi wa kwenda kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji.

Kutoka langoni unaelekea apadana yenyewe, ambayo nayo imeinuliwa juu ya jukwaa lake, ina ngazi kaskazini na mashariki. Kuta za ngazi hizo ndizo zilizochongwa. Michongo yake ni ya aina ya picha inayojitokeza kidogo tu kutoka kwenye uso wa jiwe. Hapo kale ilipakwa rangi, na mabaki ya rangi yameonekana, kwa hiyo yale mawe ya kijivu tunayoyasifia kwa utulivu wake yaliwahi kung'aa kwa buluu na nyekundu. Ngazi ya kaskazini na ya mashariki zina picha zilezile, ila zimegeuzwa kama kwenye kioo.

Upande mmoja wamepangwa askari, kisha wakuu wa Kiajemi na wa Kimedi. Waajemi wana kofia ndefu za mikunjo na majoho. Wamedi wana kofia za mviringo na suruali. Ukiwatazama upesi utaona safu moja ya watu wanaofanana. Ukisogea karibu, huyu amegeuka kumwambia jambo wa nyuma yake, yule ameweka mkono begani kwa mwenzake, mwingine ameshika ua. Wanapiga soga wakisubiri. Hao ni wenyeji.

Upande wa pili ni jumbe 23 za watu wa milki, kila ujumbe na mavazi yake na zawadi zake, umetenganishwa na unaofuata kwa mti uliochongwa. Hapa utulivu wa wenyeji haupo. Kila ujumbe una mkaribishaji, Mwajemi au Mmedi, amemshika mkono kiongozi wa wageni na anamwongoza. Wabaktria wameleta ngamia wa nundu mbili, Waarabu ngamia wa nundu moja. Walidia wanavuta gari la farasi. Wahindi mmoja wao ana mzega begani wenye vikapu vya mifuko midogo, labda ya vumbi la dhahabu. Waelamu wamekuja na simba jike, na watu wawili nyuma yake wamebeba watoto wake mikononi. Simba amegeuza kichwa anawatazama. Aliyechonga kichwa hicho alikuwa fundi kweli, na ninadhani alijua pia kuzaa ni nini. Katika safu zote hizi hakuna mwanamke hata mmoja. Jike linalojulikana wazi ni huyo simba.

Ujumbe wa mwisho ni wa Kushi, watu wa kusini ya Misri. Nywele zao zimechongwa kwa vipilipili. Mmoja amebeba chombo chenye mfuniko, mwingine ana pembe ya ndovu begani na anamvuta mnyama mwenye shingo ndefu na mgongo ulioteremka nyuma. Mnyama huyo amebishaniwa miaka mingi: wapo wanaosema ni twiga aliyechongwa na mtu asiyewahi kumwona, wengine wanasema ni okapi, mnyama ambaye leo anaishi porini Kongo tu. Pembe ya ndovu haina ubishi. Ndiyo ileile iliyoandikwa Susa kwamba imetoka Kushi. Jiwe na maandishi yanakubaliana.

Jambo moja halipo kwenye kuta hizi: vita. Waashuru, waliotawala kabla yao, walijaza majumba ya Ninawi, mji wao mkuu, picha za miji inayobomolewa, mateka wanaoburutwa na vichwa vilivyokatwa. Si kwamba Dario hakujua kuchonga ushindi. Kwenye mwamba wa Behistun, magharibi ya Iran, amechongwa akimkanyaga adui kifuani, na mbele yake wapo waasi tisa wamefungwa kamba shingoni. Alijua, na akaamua kuyaacha hayo yasiingie nyumbani mwake. Ndani ya apadana milki inaonekana kama sherehe ya watu waliokuja kwa hiari. Sina budi kusema kwamba picha hiyo ni nzuri mno kuaminiwa yote. Zawadi zile ni kodi, na mgeni anayeongozwa kwa mkono haendi anakotaka.

Katikati ya ngazi, mahali pa heshima, hapo mwanzo palikuwa na mchongo wa mfalme mwenyewe. Ameketi, mkono mmoja umeshika fimbo ndefu, mwingine ua la yungiyungi. Nyuma yake amesimama mrithi wake. Mbele yake kuna vyetezo viwili vya kufukizia ubani, na baada ya vyetezo afisa wa Kimedi ameinama kidogo, kiganja mbele ya midomo. Umbali kati yao ni mdogo, ila ubani unawatenga. Baadaye michongo hiyo miwili, wa kaskazini na wa mashariki, iliondolewa ikapelekwa kwenye hazina, na mahali pake pakawekwa askari. Kwenye pembetatu za pembeni walibaki simba wanaomng'ata fahali, picha ambayo wengine wanaihusisha na nyota na majira ya mwaka.

Watalii wengi huambiwa kwamba safu zile zinaonyesha Nowruz, mwaka mpya wa Waajemi, sikukuu ambayo jina lake watu wa pwani wanalo katika Nairuzi. Maelezo hayo yanapendeza, ila hakuna andishi lolote la Persepolis linaloyasema. Mimi ninayaona mawe yale kuwa kauli kuhusu milki kuliko kumbukumbu ya siku fulani.

Nani alijenga? Michongo haisemi, lakini vibao vya udongo vinasema. Maelfu yake vilichimbuliwa Persepolis katika miaka ya 1930, vingi vikiwa vya lugha ya Kielamu, na ni karatasi za karani: nani kapewa shayiri, divai au bia, kiasi gani, mwezi gani. Humo wamo wafanyakazi kutoka pande zote za milki, na wamo wanawake wengi, baadhi wakiwa wasimamizi wa makundi na wakipata posho kubwa. Mama aliyejifungua alipewa nyongeza, kubwa zaidi akizaa mtoto wa kiume. Wanawake waliokosekana ukutani wako tele kwenye vitabu vya ghala.

Dario hakuumaliza ukumbi, Xerxes aliuendeleza. Mwaka 330 KK jeshi la Aleksanda Mkuu wa Makedonia lilipofika, hazina ilibebwa na majumba yakachomwa, kwa ulevi au kwa kusudi, waandishi wa kale wenyewe hawakupatana. Paa la mierezi lililowezesha nguzo zile kuwa ndefu ndilo lililoshika moto. Ile ya Susa iliwahi kuungua mapema, siku za Artashasta wa Kwanza, na Artashasta wa Pili akaijenga upya na kuandika kwamba ameijenga upya.

Si kila ukumbi wa nguzo wa Waajemi ni apadana. Jirani yake hapohapo Persepolis upo Ukumbi wa Nguzo Mia, wenye safu kumi za nguzo kumi kumi, lakini una baraza moja tu, upande wa kaskazini, na haukuinuliwa juu ya jukwaa lake wenyewe. Kumbi za Koreshi, mwanzilishi wa milki, kule Pasargadae, mji wake, ni za zamani zaidi, nazo zina nguzo na baraza ila si za mraba. Wanaakiolojia wakisema apadana wanamaanisha ule mpangilio wa Dario: mraba, nguzo 36, baraza tatu, minara pembeni.

Nguzo 13 za apadana ya Persepolis bado zimesimama. Kichwa cha nguzo cha Susa, chenye mafahali wake wawili, kiko Louvre mjini Paris, pamoja na askari wa matofali ya rangi waliopamba jumba lile, maana Susa mawe yalikuwa adimu. Na ile michongo miwili ya mfalme iliyofichuliwa kwenye hazina mwaka 1936, mmoja uko Makumbusho ya Taifa ya Iran, Tehran, na wa pili uliachwa Persepolis.