Je, wajua kwa nini shabiki wa rock anaweza kuipenda demo kuliko wimbo wenyewe?

Aprili 1983 Pete Townshend, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa bendi ya The Who ya Uingereza, alitoa albamu ya santuri mbili iitwayo Scoop. Bendi haikuwemo. Alikuwa yeye tu: anaimba, anapiga gitaa, anapiga besi, kinanda, hata dramu, kwenye kanda alizokuwa akizijaza nyumbani kwake tangu miaka ya 1960. Zilikuwa demo, yaani rekodi za kuwaonyesha wenzake wimbo unavyokwenda kabla hawajaingia studio. Wenzake wakishausikia na kuushika, kanda imemaliza kazi, inatupwa kabatini. Townshend akazitoa kabatini, watu wakanunua, na walionunua wakataka nyingine. Another Scoop ikatoka 1987, Scoop 3 ikafuata 2001. Leo ukikaa na mashabiki wa The Who humkosi mmoja atakayekula kiapo kwamba "Love, Reign O'er Me" ya kweli ni ile ya demo.

Kwa mtu wa nje hilo linashangaza kidogo. Wimbo uliokamilika umegharimu studio nzuri, mafundi wazuri na wanamuziki wanne wa kiwango cha dunia. Demo imegharimu usiku mmoja na mvumo wa kanda. Inakuwaje mtu mwenye masikio mazima achague hiyo ya pili?

Jibu la kwanza linalotolewa huwa ni mazoea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Marekani alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akikutana na kitu mara kwa mara huanza kukipenda, hata kiwe neno asilolijua maana yake. Ndani ya studio maprodyuza wanaujua ugonjwa huo vizuri sana. Mwanamuziki anakaa na demo yake miezi kadhaa, anaisikiliza ndani ya gari, jikoni, kitandani. Ikifika siku ya kurekodi kwa pesa nyingi, kila anachosikia anakiona kina kasoro, kumbe kosa la rekodi mpya ni moja tu: si ile ya zamani.

Maelezo hayo yanamtosha mwanamuziki. Kwa msikilizaji wa Scoop yanagoma. "Behind Blue Eyes" na "Bargain" zilitoka na bendi mwaka 1971 kwenye albamu ya Who's Next, na "Love, Reign O'er Me" ikatoka 1973 kwenye Quadrophenia. Aliyenunua Scoop mwaka 1983 alikuwa ameshasikia za bendi miaka 10 na zaidi. Kama mazoea ndiyo yangekuwa hakimu, demo zingepigwa mawe.

Mimi naona chanzo cha kwanza ni koo. Townshend alikuwa anaandika nyimbo ambazo mtu mwingine, Roger Daltrey, mwimbaji wa bendi, angeziimba. Na Daltrey ana sauti ya kusimamisha uwanja. Chukua "Bargain". Townshend alikuwa mfuasi wa Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa India, na wimbo ule ni maombi ya mtu aliye tayari kupoteza kila kitu ampate yule anayemtafuta. Mdomoni mwa Daltrey unageuka kuwa changamoto: naja, na hakuna wa kunizuia. Kwenye demo unaimbwa na mtu ambaye hana hakika kama atapokelewa. Maneno ni yaleyale, ila aliyepiga magoti amebadilika. Hata The Who wenyewe nadhani walilihisi, maana kwenye rekodi yao kile kipande laini cha katikati alipewa Townshend akiimbe.

"Love, Reign O'er Me" tofauti yake ni kubwa zaidi. Daltrey anamalizia kwa kilio kinachokutoa kwenye kiti. Townshend kwenye demo anaomba, basi. Mwenye kupenda kilio ataiona demo imepooza, na mwenye kupenda dua ataiona rekodi ya bendi ina makelele. Wote wawili wamesikia sawasawa.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Msikilizaji wa demo hasikilizi kwa masikio peke yake, anasikiliza pamoja na kumbukumbu. Keith Moon, mpiga dramu wa The Who, alikuwa anajaza kila nafasi iliyoachwa wazi na nyingine ambazo hazikuachwa. John Entwistle alipiga besi kama mtu anayepiga gitaa la solo. Townshend akipiga dramu na besi mwenyewe anapiga kistaarabu: anashika mapigo, anaelekeza njia, anaondoka. Sasa wewe uliyezoea rekodi ya bendi, ukiisikiliza demo, kichwa chako kinamleta Moon pale asipokuwepo. Unafika mahali ambapo unajua angeporomosha dramu zote, halafu haporomoshi, na katika ule ukimya unakisikia chodi cha gitaa ambacho miaka yote kilikuwa kimefunikwa. Ndiyo maana demo huwapendeza zaidi waliozoea wimbo. Mtu ambaye hajawahi kuisikia The Who, ukimwekea Scoop, huenda akakuuliza tu lini utaanza.

Halafu kuna namna kanda zenyewe zilivyotengenezwa. Kit Lambert, mmoja wa mameneja wa bendi, ndiye aliyemhimiza kijana Townshend awe na mashine za kurekodia nyumbani. Kwa mashine mbili unarekodi gitaa kwenye ya kwanza, kisha unaicheza huku unaongeza besi, vyote viwili vinaingia kwenye ya pili. Unarudi tena na sauti, unarudi tena na dramu. Kila safari kanda inapoteza ukali kidogo na kuongeza mvumo. Kwa hiyo huna nafasi ya mapambo: ukiongeza kisicho na maana umechafua vilivyotangulia. Kinachobaki ni kile wimbo usichoweza kuishi bila yake. Hiyo inaeleza kwa nini demo nyingi za zamani zina mpangilio mzuri kuliko za leo, ambapo kompyuta inakuruhusu kupanga sauti mia na hakuna anayekusimamisha.

Demo za Townshend zilifika mahali zikakataa kubaki demo. Ule mwanzo wa "Baba O'Riley" ambao wengi wanaamini ni sinthesaiza, mashine ya kuunda sauti kwa umeme, ulipigwa kwenye kinanda cha kampuni ya Lowrey, kile cha kuweka sebuleni, kilichokuwa na kitufe cha kurudiarudia sauti mithili ya marimba. Alikirekodi nyumbani, kipande kirefu kinachokaribia dakika 10. Bendi ilipojaribu, ikaonekana hakuna haja ya kukipiga upya. Wakakikata, wakapiga juu yake. "Won't Get Fooled Again" hivyo hivyo: kinanda kilipitishwa kwenye sinthesaiza ndogo ya VCS3, na bendi nzima ikafuata kanda. Moon, mtu ambaye hakuna metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iliyowahi kumtawala, ikabidi ajifunze kuitii mashine. Kwenye picha za onyesho la Shepperton la mwaka 1978 unamwona amevaa hedfoni zilizofungwa kichwani kwa utepe zisidondoke, ili aisikie ile kanda. Kwa hiyo anayesema hapendi demo za Townshend amekuwa akizipenda tangu 1971 bila kuambiwa.

Nyimbo hizo mbili zilitoka kwenye mradi mkubwa uliomshinda, Lifehouse, ambao ungekuwa filamu na onyesho kwa pamoja. Hakuuacha. Mwaka 2000 alitoa sanduku la CD 6 liitwalo Lifehouse Chronicles: demo za miaka ya 1970, mchezo wa redio uliorushwa na BBC mwishoni mwa 1999, pamoja na nyimbo hizohizo zilizopangwa upya kwa okestra. Mwaka 2023 likaja sanduku jingine, CD 10, la Who's Next na Life House. Hapo ndipo maoni ya wasikilizaji yanapogawanyika vibaya, na si bure. Demo zinapokelewa kwa mikono miwili. Matoleo ya okestra wengi huyasikiliza mara moja, wakayasifu kwa adabu, wasirudi.

Kwa nini demo isamehewe na wimbo uliopangwa upya usisamehewe? Demo ilitangulia. Haimnyang'anyi mtu kitu, inamwongezea tu. Lakini mtunzi anaporudi miaka 20 baadaye kuurekebisha wimbo, anamwambia shabiki kwamba kile alichokipenda kilikuwa na makosa. Mwimbaji wa Uingereza Kate Bush alijaribu mwaka 2011 kwa albamu ya Director's Cut, akirekodi upya nyimbo za albamu zake mbili, ya 1989 na ya 1993. Alikuwa na sababu. Wimbo wa "The Sensual World" aliutaka tangu mwanzo uwe na maneno ya mwandishi James Joyce kutoka riwaya yake ya Ulysses, akanyimwa ruhusa. Alipoipata hatimaye akauimba kama alivyoukusudia na kuupa jina jipya. Wapo waliofurahi. Wapo walioona kwamba kile alichokiandika mwenyewe kwa kukosa ruhusa kilikuwa kimeshakuwa bora. Na "This Woman's Work", iliyokuwa wimbo wa kumliza mtu, ikarudi polepole zaidi, na sauti ya mwanamke aliyekomaa. Kwa maoni yangu hiyo ilifanikiwa, lakini nina rafiki ambaye hatuwezi kulizungumza jambo hilo tukabaki na amani.

Mambo huwa magumu zaidi mwenye wimbo akishafariki. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alitoa "Living on My Own" mwaka 1985 na ikaishia nafasi ya 50 kwenye chati ya Uingereza. Mwaka 1993, karibu miaka miwili baada ya kifo chake, wimbo huohuo ukiwa umewekewa biti ya disko za wakati ule na kundi la No More Brothers ukafika namba moja. Ukiuliza soko, marekebisho yalishinda. Ukiwauliza mashabiki wa muda mrefu, wengi watakwambia biti ile imezeeka kuliko wimbo wa awali. Mwaka 2019 njia ikafuatwa kinyume: wimbo aliouimba 1986 kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa Dave Clark ukavuliwa mapambo yote, ikabaki sauti yake na piano, ukapewa jina "Time Waits for No One". Huo haukuzua ugomvi, na nadhani ni kwa sababu uliwasogeza watu karibu na kile wanachokitafuta kwenye demo: koo la mtu, bila kitu cha katikati.

Mfano unaotajwa kila demo zikizungumzwa ni Nebraska, albamu ya mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen, nami siwezi kuukwepa. Januari 1982, kwenye chumba cha kulala cha nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, alirekodi nyimbo kwenye mashine ya Teac 144, iliyokuwa inatumia kaseti ya kawaida kwa traki nne, yaani sauti nne zinazorekodiwa kila moja peke yake. Alikusudia kuifundishia bendi yake. Bendi ikajaribu, studio nzuri ya New York, na nyimbo zikazidi kupotea. Kaseti aliyokuwa akitembea nayo mfukoni bila hata kasha ndiyo ikawa albamu, na mafundi wakapata taabu kuihamishia kwenye santuri kwa sababu ya udhaifu wa sauti yake. Ikatoka Septemba 30, 1982. Kwa miaka mingi mashabiki waliota kuhusu yale majaribio ya bendi yaliyofichwa. Yalipotolewa rasmi mwaka 2025 wakapata nafasi ya kupima wenyewe, na kwa sikio langu uamuzi wa 1982 ulikuwa sahihi.

Lakini tusidanganyane, si kila kanda ya kabatini ni Nebraska. Scoop yenyewe ina vipande ambavyo ni mtu anajaribu mashine mpya tu, na vingine vinakatika kabla havijawa wimbo. Wapo wasikilizaji wanaolalamika kwamba wanauziwa makapi, na kwa baadhi ya vipande wana haki. Mimi hivyo navivumilia kwa sababu ya vitu kama demo ya "Squeeze Box": Townshend alikuwa amejinunulia akodioni, mdundo wa polka ukamtoka, na wimbo ukazaliwa kwa utani. Kwenye rekodi ya bendi utani umefunikwa na gitaa. Kwenye demo unamsikia mtu anacheka na chombo kipya.

Ukitaka kujipima uko upande gani, anza na "Won't Get Fooled Again" ya bendi, isikilize mara mbili tatu mpaka besi ya Entwistle ikukae. Kisha weka demo. Kama baada ya dakika moja unaitafuta ile besi na umekasirika, wewe ni mtu wa bendi. Kama umeanza kuyasikia maneno, nenda moja kwa moja kwenye "Behind Blue Eyes" ya Scoop.