Le Chambon: kijiji kilichoficha watu, si msimamo wake

Wanafunzi ninaowafundisha historia ya Maangamizi ya Wayahudi hupenda kuniuliza jinsi wakazi wa kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon, huko Ufaransa, waliowaficha Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walivyoweza kutunza siri kwa miaka minne. Jibu langu huwashangaza, kwa kuwa msimamo wa kijiji haukuwa siri hata kidogo. Mnamo Agosti 1942, mkuu wa masuala ya vijana wa serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, alipozuru kijiji hicho, wanafunzi wa sekondari walimkabidhi barua iliyopinga kukamatwa kwa Wayahudi na kukiri kwamba miongoni mwa wanafunzi hao walikuwemo Wayahudi. Wiki mbili hivi baadaye polisi walifika na mabasi, lakini wakimbizi walikuwa wamekwisha kutawanywa mashambani na misituni, na mchungaji wa kijiji, André Trocmé, alikataa kutoa orodha ya majina.

Wengi humtaja Trocmé peke yake, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma kwa wake wa wakulima waliogawa chakula kilichokuwa cha mgao. Uwanda kilipo kijiji hicho, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000, ulikuwa na nyumba nyingi za kupokea watoto wa likizo tangu kabla ya vita, hivyo mtoto mgeni hakuzua maswali. Wakazi wengi walikuwa Waprotestanti ambao mababu zao waliteswa na wafalme baada ya mwaka 1685, wakasali kwa kujificha kwa karibu karne nzima. Fedha zilitoka kwa Waquaker (dhehebu la Kikristo linalopinga vita) wa Marekani na mashirika ya Uswisi, ilhali vitambulisho bandia vilitengenezwa na vijana kama Oscar Rosowsky, ambaye mwenyewe alikuwa Myahudi. Kwa hiyo si sahihi kuwasimulia Wayahudi kana kwamba walikaa tu wakisubiri kuokolewa.

Idadi ya watu 5,000 waliohifadhiwa inayotajwa mara kwa mara hujumuisha pia wakimbizi wasio Wayahudi, na wengine walipita tu wakielekea Uswisi. Wala si wote waliosalimika. Tarehe 29 Juni 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani ya Kinazi, walivamia bweni la wanafunzi la Maison des Roches, wakawachukua wanafunzi 18 pamoja na msimamizi wao, Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji, aliyefariki katika kambi ya Majdanek mwaka 1944.