Tairi la mwendo au la starehe? Anza kuangalia ubavu

Mteja alileta Toyota Mark X akilalamika kwamba linagonga. Shokapu alishabadilishiwa kwingine, bushi pia, na bado kila tuta lilimfika kiunoni. Sikugusa shokapu. Nilichuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, nikapitisha kiganja ubavuni mwa tairi, upande wa ndani usioonekana, nikakuta nundu kama nusu ya ndimu.

"Bosi, shida iko kwenye hizi namba," nikamwambia. Tairi lilisomeka 235/45R18. Gari lilikuja na 215/60R16, akanunua rimu za inchi 18 kwa sababu zinapendeza, na kweli zinapendeza.

Namba ya katikati ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana wa tairi. Asilimia 60 ya milimita 215 ni 129. Asilimia 45 ya 235 haifiki 106. Gurudumu zima limebaki na kimo karibu kilekile, ila milimita 23 za upepo uliokuwa unambeba zimegeuka chuma. Akiingia kwenye shimo, ukingo wake unaubana ubavu dhidi ya rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na upepo unausukuma mpira nje. Hiyo ndiyo nundu. Haizibwi, tairi hilo ni la kutupa, hata kama kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado mpya.

Lakini tairi la mwendo lina kazi yake, na mimi nalipenda. Ubavu mfupi na mgumu hauyumbi, kwa hiyo ukigusa usukani gari linaitika hapohapo. Mpira wake laini unashika lami vizuri, na kashata pana za pembeni zinashikilia gari kwenye kona. Ukishuka mlima wa Kitonga na tairi la namna hiyo unajua gari liko wapi muda wote. Tairi la starehe linachelewa kidogo kuitika, halafu linakulipa kwa ukimya na kwa matuta ya Mikumi kupita bila kukukata mgongo.

Kwenye chapa, usitazame jina la kampuni peke yake. Michelin wana Pilot Sport kwa mwendo na Primacy kwa starehe. Bridgestone wana Potenza na Turanza. Yokohama ndio wanaowachanganya wengi: Advan Neova ni la mwendo hasa, Advan dB limetengenezwa kwa ajili ya ukimya. Jina Advan ni lilelile, tabia mbalimbali kabisa.

Bei sasa. Ya dukani ni nusu ya habari. Matairi mengi yana neno TREADWEAR ubavuni na namba mbele yake. Pilot Sport 4S limeandikwa 300. Ya starehe mengi yanapita hapo, maana yake yanachelewa kuisha. Kampuni hujipimia zenyewe, kwa hiyo linganisha matairi ya chapa moja. Ukilipa zaidi kwa tairi la mwendo, unalipa mara mbili: dukani, na tena litakapoisha mapema.

Kwa tairi la mtumba, soma kwanza tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukakamaa kwa umri, na tairi la mwendo lililokakamaa halina tena ule ushikaji uliolinunulia. Naomba sana mnisikie hapa: kwenye mvua za masika tairi la starehe jipya, hata la bei ya kati, nalichagua mbele ya la mwendo la mtumba lenye jina kubwa.

Yule mteja anakwenda Iringa mara kwa mara na familia. Nilimshauri arudi kwenye rimu za 16 na matairi ya starehe, upepo ujazwe kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema. Fedha ilitosha matairi mapya mawili tu, mengine mawili yakawa ya zamani ya rimu hizo za 16. Akataka mapya yafungwe mbele, nikayafunga nyuma. Mbele likiteleza kwenye maji, unapunguza mwendo na gari linarudi mkononi. Nyuma likiteleza, gari linazunguka kabla hujajua la kufanya.