Je, wajua kwa nini shule ya kodingi mtandaoni inaweza kuanza bila mwekezaji?

Juzi nilikaa Nyerere Square hapa Dodoma na kijana mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka jana, anajua kuandika programu vizuri tu, akaniambia kaka mimi nataka kufungua shule ya kodingi mtandaoni ila nasubiri nipate mwekezaji kwanza. Nikamuuliza mwekezaji wa nini? Akaanza kutaja, seva (yaani kompyuta ya kuhudumia wanafunzi kupitia mtandao), ofisi, apu, kamera nzuri. Tukakaa pale mpaka giza likaingia maana hilo swali nalipenda sana na najua wengi wanalo: inakuwaje biashara hii mtu anaianza kwa hela ya mfukoni na inasimama, wakati hata kufungua duka la vipodozi pale Majengo huwezi bila mtaji wa maana?

Sababu kubwa iko mahali ambapo watu hawaangalii kabisa, kwenye brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao kama Chrome. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, aliitengeneza Brendan Eich mwaka 1995, toleo la kwanza kwa siku kama 10 hivi, na tangu mwanzo ilikusudiwa ikae ndani ya brauza. Sasa fikiria mwanafunzi wako yuko Kongwa au Kondoa, anaandika mistari yake, anabonyeza kitufe cha kuendesha programu, je, nani anafanya kazi hapo? Ni simu yake au laptopu yake, yaani hesabu yote inafanyika mkononi mwake, wewe ulichompa ni ukurasa tu wenye somo na kisanduku cha kuandikia. Wakiwa 10 au wakiwa 1,000, gharama yako inapanda kidogo sana. Zamani kidogo ukitaka kufundisha Python, lugha nyingine ya programu, kwa mtindo huo ulilazimika kuwa na seva ya kuendeshea programu za wanafunzi, na hiyo ni gharama na pia ni hatari, kwa sababu kumruhusu mtu usiyemjua aendeshe chochote anachotaka kwenye mashine yako ni sawa na kumlaza mgeni chumba kimoja na vitu vyako vyote. Siku hizi ipo Pyodide, kazi iliyoanzia Mozilla, wale wa brauza ya Firefox, mwaka 2018, inayoleta Python ndani ya brauza yenyewe. Kasoro yake ni kwamba inakula megabaiti za kutosha inapofunguka mara ya kwanza, kwa hiyo kwa mwanafunzi wa bando dogo mimi bado ningeanza na JavaScript.

Na kamera je? Haihitajiki kabisa. Video inavyobanwa ni kwamba kompyuta haihifadhi kila picha nzima nzima, inahifadhi zaidi kile kilichobadilika kutoka picha moja kwenda nyingine. Video ya harusi watu wanacheza, vitenge vinapepea, taa zinawaka na kuzima, kila kitu kinabadilika ndo maana inakuwa kubwa. Lakini video ya skrini ambayo mtu anaandika programu kinachobadilika ni herufi chache tu, hivyo saa nzima ya somo inaweza kuwa ndogo kuliko dakika chache za ile harusi. Unachohitaji ni maiki inayosikika vizuri na herufi kubwa, kwa sababu wengi watatazama kwenye simu. Somo la maandishi ndo kabisa, ni kilobaiti.

Sasa hapo nimeongelea gharama, ila gharama ndogo peke yake haileti biashara, na hapa ndo yule kijana alinibana kwa swali zuri sana. Akasema lakini kaka freeCodeCamp, ile tovuti ya kujifunza kodingi, ipo bure, YouTube bure, nani atanilipa mimi? Na ni kweli, freeCodeCamp ilianzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, inaendeshwa kwa michango na ina masomo mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kutengeneza. Ila kozi za bure za mtandaoni zina ugonjwa unaojulikana, wanaojiunga ni wengi na wanaofika mwisho ni wachache mno, mara nyingi hawafiki hata 10 kwa kila 100. Watu wanakwama sehemu ndogo na mara nyingi hakuna wa karibu wa kumuuliza.

Nikampa mfano. Mtu anauza zabibu, anaandika kiprogramu cha kujumlisha mauzo yake, anaingiza 5000 kwenye kisanduku, anajumlisha 2000, anapata 50002000. Anachanganyikiwa kabisa, anaona labda kompyuta mbovu au yeye hana akili ya haya mambo. Kumbe kilichoandikwa kwenye kisanduku JavaScript inakichukua kama maandishi, sio namba, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi inayaunganisha tu kama mtu anavyobandika karatasi mbili. Ukimwambia kwa Kiswahili kwamba kwanza ageuze maandishi yawe namba, kwa dakika 2 amevuka. Asipoambiwa, anafunga laptopu na harudi tena, na mimi hili linaniuma kwa sababu nimeona vijana wenye akili kabisa wakiacha kwa kitu cha dakika 2. Kwa hiyo anayekulipa hanunui video, ananunua mtu wa kumuuliza akikwama na mtu wa kumuuliza wiki hii umefika wapi. Kufuatiliwa mmoja mmoja namna hiyo freeCodeCamp haimpi, na hata kampuni kubwa inapata shida kuitoa kwa bei ndogo.

Kuhusu hela yenyewe inavyoingia, usitengeneze kozi nzima halafu ndo utafute wateja. Tengeneza masomo 3 ya bure yaliyokamilika kweli, kisha tangaza kundi la kwanza kwa ada, mtu analipa kabla. Chukulia watu 20 kwa 40,000, hiyo ni 800,000, inanunua domeini (jina la tovuti yako), maiki, bando, na inabaki. Wakitokea 3 tu, unawarudishia hela yao kwa heshima na umejua ukweli mapema bila kupoteza mwaka mzima.

Kitu kingine, usiige mtindo wa Marekani wa kukata hela kila mwezi. Kule kadi ya benki inakatwa yenyewe mtu hata hakumbuki, huku wengi wanalipa kwa M-Pesa na ndugu zake, na kila malipo mtu anaingiza namba ya siri mwenyewe, maana yake kila mwezi unamuomba upya. Bora uende kwa msimu. Zabibu zetu za Dodoma zinavunwa mara 2 kwa mwaka, na mkulima anajua katikati ya mavuno kuna kupogolea na kupiga dawa, basi na wewe fungua makundi 2 kwa mwaka, katikati unarekebisha masomo pale wengi walipokwama.

Simaanishi mwekezaji ni mbaya. Codecademy, shule ya kodingi mtandaoni ya Marekani, ilianza 2011, ikachukua hela za wawekezaji, na mwisho wa 2021 ikatangazwa kuuzwa kwa kampuni ya Skillsoft kwa dola kama milioni 525. Ila ukichukua hela ya namna hiyo lazima ukue haraka, lazima ufundishe dunia nzima, na kundi la watu 20 wanaosoma kwa Kiswahili halitakuwa na maana tena kwa aliyekupa hela. Ukiwa na hela yako mwenyewe, hao 20 wanatosha kabisa kuanzia.

Yule kijana akaniuliza la mwisho, wakifika 200 nitawajibu vipi peke yangu? Huwezi, na hapo ndo kibano cha kweli cha biashara hii, sio seva. Tazama kundi la kwanza, kuna wawili watatu ambao kila mwenzao akikwama wao ndo wanajibu kabla yako. Hao msimu wa pili unawalipa kwa saa kutoka kwenye ada za wapya, na kwa sababu wao wenyewe walikwama palepale juzi tu, mara nyingi wanaeleza vizuri kuliko wewe.