Picha ya Eleonora wa Toledo: tuanze na gauni, uso utafuata

Wengi wanaofika mbele ya picha ya Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Firenze nchini Italia, katika makumbusho ya Uffizi mjini humo, huutazama uso kwanza, kisha husema mama huyu hana bashasha. Ni kweli, hatabasamu. Lakini Agnolo Bronzino, mchoraji wa ikulu ya Medici, ukoo uliotawala mji huo, hakuitwa kuchora furaha yake. Alipomchora mwaka 1545 hivi, kwa rangi za mafuta juu ya ubao, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba utawala huu umeota mizizi. Ndiyo maana huwa nawashauri wageni waanze na gauni.

Gauni lenyewe limetawala picha. Ni la atlasi nyeupe yenye nakshi za mahameli nyeusi zinazojipinda, pamoja na nyuzi za dhahabu zilizofumwa kwa vitanzi vidogo vilivyoinuka juu ya kitambaa. Ukisogea utaona mchoraji amevifuata vitanzi hivyo kwa subira ya ajabu, na pale kitambaa kinapojikunja, nakshi nayo inakatika. Firenze ilikuwa maarufu kwa hariri, kwa hiyo vazi kama hili liliutangaza mji pia. Katikati ya kifua pana komamanga kubwa, tunda lililojaa mbegu, ishara ya uzazi. Eleonora alizaa watoto 11.

Uzazi huo ulikuwa jambo la dola. Mumewe, Cosimo, alishika madaraka mwaka 1537 akiwa kijana wa miaka 17, baada ya jamaa yake Alessandro kuuawa. Alihitaji warithi na watu wa kumkingia kifua. Ndoa ya mwaka 1539 ilimpa vyote viwili, maana baba mkwe, Pedro wa Toledo, alitawala Napoli kwa niaba ya mfalme wa Hispania. Mtoto aliyesimama ubavuni mwa mama hutambuliwa na wataalamu wengi kuwa Giovanni, mwana wa pili. Mkono wa Eleonora umemshika begani, na buluu ya nyuma yao inang'aa zaidi kuzunguka kichwa cha mama, kama nuru kwenye picha za Bikira Maria na Mwanawe. Mkristo wa zama hizo asingehitaji kuelezwa.

Tusimwone, hata hivyo, kama mama wa kuzaa tu. Cosimo aliposafiri, yeye ndiye aliyeshika hatamu za serikali, na mali zake alizisimamia kwa umakini mkubwa.

Eleonora na Giovanni walifariki mwaka 1562 kwa malaria, wakipishana kwa majuma machache. Ilisimuliwa kwa muda mrefu kwamba Eleonora alizikwa na gauni la pichani. Kaburi lilipofunguliwa karne ya 19, alikutwa na vazi jingine, lisilo na nakshi hizo. Mabaki ya vazi hilo yamehifadhiwa Palazzo Pitti, jumba ambalo Eleonora alilinunua mwenyewe.