Polima Niliyoisingizia

Kwa wiki mbili nzima niliilaumu polipiroli, polima inayopitisha umeme, nayo haikuwa na kosa. Najaribu kichocheo cha kuisaidia oksijeni kupokea elektroni, kazi ambayo kwa kawaida hupewa platini.

Elektrodi yangu ni kisahani cha kaboni kilichong'arishwa, kikapakwa masizi laini yenye kobalti, kisha utando mwembamba wa polima hiyo juu yake. Naitumbukiza katika potasiamu haidroksidi (alkali) ya moli 0.1 kwa lita, napuliza oksijeni safi, naizungusha mara 1,600 kwa dakika. Mkondo ulipanda, ukatulia kwenye miliampea 4.5 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye majarida, platini hufika 5.7 au karibu na hapo. Hesabu ikanipa elektroni 3.2 kwa kila molekuli ya oksijeni.

Hiyo ni habari mbaya. Oksijeni ikipokea elektroni 4 hugeuka yote kuwa ioni za haidroksidi. Ikiishia 2, inatokea peroksidi, ambayo hurudi kuitafuna kaboni na polima yenyewe. Kwa 3.2, molekuli 4 katika kila 10 zinapitia njia hiyo mbovu.

Nikaupunguza utando unene. Wapi! Mwishowe nikapima platini peke yake, bila polima yoyote. Nayo ikagota 4.6.

Hapo nikakumbuka maharagwe. Mtu wa Mombasa akihamia Nakuru hushangaa yanavyokawia kuiva, kwa kuwa tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Kanieneo ya hewa hapa ni kilopaskali 81 hivi, si 101 ya pwani, na gesi huyeyuka majini kulingana na kanieneo. Ukipuliza oksijeni safi kwenye chombo kilicho wazi, bado utakosa sehemu moja kwa tano. Mimi katika hesabu nilikuwa nimenakili kiwango cha oksijeni majini cha vitabuni, cha usawa wa bahari. Kwa kosa hilohilo, walio Kisumu, chini kuliko sisi, wangepata elektroni 3.5 hivi badala ya 4.

Polima yenyewe ina kazi ya maana: naitrojeni yake huishika kobalti isihame. Rajesh Bashyam na Piotr Zelenay walionyesha mwaka 2006 kwamba mchanganyiko huu wa kobalti, polipiroli na kaboni unafanya kazi, ingawa wao walikuwa kwenye asidi. Kwenye alkali kama yangu, mnaopenda polianilini, polima nyingine ya umeme, muwe macho. Ile ya kijani inayopitisha umeme hupoteza protoni, ikawa ya buluu, na umeme haupiti tena. Ukiipaka nene umejifungia mlango mwenyewe. Polipiroli huvumilia zaidi kidogo, lakini nayo naipaka nyembamba.

Siku hizi platini hutangulia, na pembeni mwa kila grafu naandika kanieneo ya siku hiyo. Simu yangu ina baromita. Asubuhi ya leo imesoma hektopaskali 814, yaani kilopaskali 81.4.